Mwanafunzi wangu wa zamani ndiye mwenyekiti wangu wa jumuiya

Mama Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi pembezoni mwa mji wa Songea. Nimefundisha shule za msingi tangu ujana wangu, na miaka ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Sijazoea kuandika barua za namna hii. Mama watoto ndiye aliyenisukuma, na amesema ataisoma kabla sijaituma ili nisijipambe.

Jambo lenyewe liko kwenye jumuiya yetu ndogondogo, yaani sisi Wakatoliki majirani tunaosali pamoja. Tulipofanya uchaguzi wa viongozi, aliyepita kuwa mwenyekiti ni kijana niliyemfundisha. Namwita kijana, lakini ana mke na watoto. Shuleni alikuwa mtoro, hesabu zilimpiga chenga, nami nilimchapa mara nyingi. Akaishia darasa la saba. Leo ana kibanda cha kutengeneza pikipiki. Siku ya uchaguzi jina langu nalo lilipendekezwa, nikapata kura ambazo afadhali nisizitaje. Nikampongeza kama wengine, nikarudi nyumbani, chakula cha jioni kikanishinda.

Tunasali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi alfajiri. Mwenyekiti akisoma neno la Mungu hukwama kwenye majina. Siku moja alikuwa anasoma waraka wa Paulo kwa Wathesalonike, jina likamshinda, akarudia, likamshinda tena. Nikalitamka mimi kwa sauti kutoka kwenye kiti changu, kama nilivyokuwa nafanya darasani. Watoto wakacheka. Yeye akatabasamu, akaendelea. Njiani mama watoto hakunisemesha mpaka tulipofika mlangoni, ndipo akasema, "Unajua kila kitu isipokuwa kunyamaza."

Kuna na suala la fedha. Ukitokea msiba mwenyekiti anatangaza mchango, wengine wanampa mkononi, wengine wanamtumia kwa simu. Sijawahi kusikia mapato na matumizi yakisomwa. Sisemi anakula. Nasema hakuna maandishi, na mimi nimeshika hesabu za shule miaka mingi, najua pasipo maandishi huzaliwa nini. Nilipoligusia kwenye mazungumzo ya pembeni, mzee mmoja akaniambia, "Mwalimu, nyenyekea. Uongozi ni wake sasa." Nikanyamaza, ila nilinyamaza kwa hasira.

Kwaresima iliyopita nikaamua nipambane na kiburi changu. Nikawa naenda kufagia kanisa Ijumaa mchana, peke yangu, kabla ya Njia ya Msalaba. Jumapili moja paroko akanitaja kwenye matangazo. Mama Mshauri, nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti cha mfanyakazi bora! Jumapili iliyofuata hakunitaja, nikarudi nyumbani nimenuna. Hapo ndipo nilipojiogopa. Kama hata ufagio unanitia majivuno, nitanyenyekea kwa njia gani? Na je, unyenyekevu ni kuacha fedha za watu zipotee huku natazama? Nimewaza hata kuomba nihamie jumuiya ya upande wa pili wa barabara, nianze upya pasipo historia hii.

Mwalimu Mstaafu, Songea

*

Milele na milele, Amina.

Mwalimu, nakusalimu, pamoja na mama ambaye naamini kalamu yake imepita humu. Ile sentensi ya chakula cha jioni, mtu anayejipamba asingeiacha.

Nianze na ufagio, kwa sababu ndio uliokutisha. Hebu tazama: nani alikupangia kufagia? Siku uliichagua wewe, saa uliichagua wewe, kazi uliichagua wewe, na ukahakikisha hakuna mwenzako wa kugawana naye. Umeendelea kuwa mwalimu mkuu, safari hii umejipangia zamu mwenyewe. Kufagia kanisa ni kazi njema na sitaki uiache. Lakini kazi ya chini ambayo mtu amejichagulia huwa inamwacha juu palepale alipokuwa, maana yeye ndiye aliyeamua ashuke lini na ashuke kiasi gani. Inayomshusha kweli ni ile aliyopangiwa na mwingine, hasa mwingine ambaye moyoni anamwona mdogo.

Hapo Songea huna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu wa jambo hili. Watawa Wabenediktini wako Peramiho tangu 1898, na maisha yao yanaongozwa na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6. Sura ya 7 ni ya unyenyekevu, nayo ina ngazi 12. Mtu akisikia hivyo hudhani ngazi ya kwanza ni kutembea umeinamisha kichwa. Sivyo. Ya kwanza ni kumcha Mungu na kukumbuka kwamba anakuona. Ya pili ni kutopenda mapenzi yako mwenyewe. Ya tatu ni kumtii aliye juu yako, na ya nne ni kuvumilia unapotii jambo gumu, hata pale unapoona umeonewa. Macho kutazama chini na kichwa kuinama, yaani yale ambayo mtu wa nje anaweza kuyaona, yamewekwa ngazi ya 12, ya mwisho kabisa. Wengi wetu tunaanzia hiyo ya 12 kwa sababu ndiyo rahisi, tena ina watazamaji. Wewe ulianzia huko. Ngazi iliyokusubiri ni ya tatu, nayo imesimama kwenye kibanda cha pikipiki.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwendee mwenyekiti wako, umwambie unataka kuitumikia jumuiya na kwamba yeye ndiye akupangie kazi. Usimpe orodha ya kuchagua. Usimwambie, "Naweza kuwa katibu." Atakachosema, kifanye jinsi atakavyosema, hata kama wewe ungekifanya vizuri zaidi. Akikwambia ubebe mabenchi, beba. Akikupa kazi ya kuwapitia wagonjwa wanaohitaji Komunyo majumbani na kupeleka majina yao kwa katekista, nenda. Na ikitokea amekosa la kukupa akasema, "Mwalimu, wewe pumzika tu," basi hilo nalo lipokee, ingawa nadhani ndilo litakalokuuma kuliko mabenchi.

Unamkumbuka Naamani, yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme sura ya 5. Alifika kwa Elisha na farasi na magari, nabii hata nje hakutoka, akamtuma mtu amwambie aende kuoga Yordani mara 7. Naamani akakasirika, akageuza safari. Alikuwa ameshajichorea jinsi atakavyoponywa: nabii angetoka, angesimama mbele yake, angeupunga mkono juu ya mahali penye ugonjwa. Waliomrudisha ni watumishi wake, waliomwuliza kwa adabu: kama nabii angekwambia ufanye jambo kubwa, usingelifanya? Mwalimu, wewe ukiambiwa ufunge siku 40 kwa maji na mkate utafunga, nina hakika. Ni dogo ndilo linalokushinda.

Sasa Wathesalonike.

Siku ile mlikuwa wawili mlioangaliwa. Mmoja alijua jina linavyotamkwa. Mwingine alichekwa na watoto mbele ya watu anaowaongoza, akatabasamu, akaendelea kusoma neno la Mungu mpaka mwisho. Unaniuliza unyenyekevu unafanyikaje siku za kawaida, na mfano umeniandikia mwenyewe bila kuutambua. Yule mtoro wako anaweza kukufundisha. Benedikto alilijua hili: katika sura ya 3 anaagiza kwamba likitokea jambo zito abate, yaani mkuu wa monasteri, awaite ndugu wote shaurini, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Tena sura ya 63 inapanga nafasi za watawa kwa kufuata siku mtu aliyoingia utawani, umri hauhesabiwi, na inakumbusha kwamba Samueli na Danieli wakiwa wadogo waliwahukumu wazee. Methali ya mtaka cha mvunguni naiacha, umeifundisha wewe mwenyewe darasani.

Unamdai radhi, na radhi hiyo iombwe pale kosa lilipofanyika, mbele ya wale waliosikia. Kumwomba faraghani kosa la hadharani ni kujihurumia. Iwe fupi. Sisi watu wazima tukiomba msamaha huwa tunatoa hotuba, na hotuba ikishakolea unakuta aliyekosewa ndiye anayembembeleza mkosaji. Jumamosi ijayo, kabla ya matangazo, simama useme, "Mwenyekiti, siku ile nilikukatiza ukisoma, watoto wakakucheka. Nilikosa, naomba unisamehe." Keti. Usiongeze "lakini", wala usieleze ulikuwa na nia njema. Na tafadhali usijitolee kumfundisha kusoma! Akikuomba, msaidie jioni moja mkiwa wawili. Asipokuomba, jumuiya itaendelea kumwelewa Paulo na majina yake yamepinda kidogo.

Ukiona aibu, kumbuka maneno unayoyatamka kila Misa: "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu." Huwa tunaipita hiyo "nanyi ndugu zangu" mbiombio, kama vile imewekwa hapo kujaza mstari. Maana yake unaungama na kwa huyo aliyesimama benchi la nyuma yako mwenye mafuta ya injini kwenye kucha.

Kuhusu fedha, huyo mzee aliyekwambia unyenyekee amekushauri vibaya, nami nasema hivyo nikijua ni mzee mwenzako. Kunyamaza wakati fedha za misiba hazina maandishi hakumsaidii mwenyekiti hata kidogo. Siku moja mfiwa atasema alipata pungufu, na kijana wa watu hatakuwa na karatasi ya kumtetea. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais 1985 akaenda zake Butiama kulima, na jimbo la Musoma limefungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri tangu 2005. Huyohuyo, Mei Mosi ya 1995 pale Mbeya, alisimama mbele ya wafanyakazi akawasema viongozi kuhusu rushwa mpaka leo watu wanairudia hotuba ile. Kuacha kiti hakukumfunga mdomo.

Lakini kabla hujafungua wako, jiulize jambo moja ukiwa peke yako. Kama daftari likiletwa kesho, likafunguliwa, likakutwa safi, kila shilingi imeandikwa, utafurahi au utasikitika? Usinijibu mimi. Ukiona ungesikitika hata kidogo, subiri kwanza, sali, halafu uende. Maana utaongea maneno yaleyale, ila mwenzio atasikia kingine.

Ukienda, fuata Mathayo 18: wewe na yeye peke yenu. Nenda kibandani kwake, usimwite nyumbani kwako, kwa sababu kwenye sebule yako atarudi kuwa mtoto wa darasa la nne. Msubiri amalize pikipiki ya mteja. Kisha uliza, na uulize kwa kutaka kujua: michango inaandikwa wapi, na nani? Huenda mweka hazina anayo kumbukumbu ambayo hujawahi kuiomba. Ikiwa haipo, pendekeza kwamba kila baada ya msiba mapato na matumizi yasomwe Jumamosi inayofuata, na asiwe wewe wa kuyasoma. Akikuomba uwafundishe yeye na mweka hazina kuchora safu za kuingia na kutoka, hapo taaluma yako imeitwa, itumie yote bila kujifanya hujui. Kujifanya hujui unachokijua ni uongo, na uongo hauna nafasi kwenye unyenyekevu. Akikataa kata kata, rudi na mtu mmoja au wawili. Ikishindikana hapo kuna uongozi wa kanda, na juu yake Halmashauri ya Walei ya parokia. Ngazi hizo zipo kwa kazi hiyo, kuzitumia si kiburi. Kiburi ni kuanzia mlango wa duka, ukiwasimulia wanaonunua chumvi.

Niwageukie kidogo wasomaji wengine, maana najua barua hizi husomwa na wengi. Haya namwandikia mtu aliyezoea kuamuru. Dada wa kazi anayetukanwa na mwajiri, au mama anayepigwa na mumewe huku akiambiwa avumilie kwa kuwa ni Mkristo, asichukue maneno haya akajifunga nayo. Huyo anahitaji msaada na usalama, na atakayemhubiria unyenyekevu badala ya kumsaidia ana hesabu ya kutoa kwa Mungu.

Mwalimu, umeandika "kutoka kwenye kiti changu". Nimesita hapo. Kwenye jumuiya zinazosali nyumba kwa nyumba, wengi hukaa kwenye mikeka, mabenchi na ndoo zilizogeuzwa, na kiti cha mkono huwa kimoja. Nadhani ndicho hicho, na nadhani wenyeji hukuwekea bila kuulizwa. Ukifika mapema mkalishe bibi mwenye miguu mibovu. Usitangaze. Na jihadhari na ile Injili ya Luka 14, mgeni anayekaa nyuma kisha anaambiwa, "Rafiki, njoo huku mbele zaidi." Wapo wanaokaa nyuma huku sikio moja likimsubiri mwenye nyumba aite. Ukiona unasubiri kuitwa, cheka, halafu endelea kukaa hapohapo.

Furaha ile ya kutajwa kwenye matangazo nayo isikukoseshe usingizi. Kufurahi ukisifiwa si dhambi, umeumbwa hivyo. Kununa usiposifiwa ndiko kwenye kazi, na dawa yake nzuri ni zamu. Benedikto katika sura ya 35 ameagiza ndugu wapokezane jikoni wiki kwa wiki, na asiachwe mtu isipokuwa mgonjwa au mwenye jukumu zito. Anayemaliza wiki yake na anayeanza wanaosha miguu ya wote. Mambo yakiwa ya zamu hakuna wa kushukuriwa, maana juma lijalo ni mwingine. Kwa hiyo mwombe mwenyekiti aifanye kazi ya ufagio kuwa ya zamu kwa familia zote za jumuiya, na jina lako aliweke popote kwenye orodha. Vijana watafagia vibaya, wataacha majani chini ya mabenchi. Yaache hadi zamu yako.

Nyumbani umepewa mtu anayekuambia ukweli kwa sentensi moja, kisha ananyamaza. Mfalme Daudi alihitaji Mungu amtumie nabii Nathani. Wewe wako mnakula sahani moja. Akikusahihisha juma hili, mjibu "nimesikia", na usiongeze neno mpaka asubuhi. Najua nakuomba jambo kubwa kuliko mabenchi na ufagio vikichanganywa.

La kuhama jumuiya. Jumuiya zetu zinafuata ujirani. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua 1976 kwamba jumuiya ndogondogo ndizo ziwe msingi wa Kanisa huku kwetu, walitaka watu wanaokutana kisimani na dukani wasali pamoja, wazikane pamoja. Ukihama itabidi umweleze paroko sababu, na sababu yenyewe umeshaniandikia. Sidhani utapenda kuisoma kwa sauti. Halafu kuna jambo ambalo labda hukulipigia hesabu. Umefundisha mji huohuo miaka yote hiyo. Huko ng'ambo ya barabara, mwenyekiti ni nani? Na katibu wake, na yule mama anayeanzisha nyimbo? Wengine kati yao nao ulishawahi kuwasimamisha kona ya darasa, mikono juu. Kaa na huyu, angalau yeye mmeshaanza.